Ubora wa bondia hupimwa kwa lipi?

MJADALA kuhusu bondia bora wa wakati wote nchini ulipamba moto Septemba 8, 2018, pale Hassan Mwakinyo, kijana wa Tanga, alipomshinda Mwingereza Sam Eggington kwa TKO katika raundi ya pili mjini Birmingham.

Wanaomtukuza Mwakinyo hutazama aliyempiga na mahali alipompigia: ugenini, mbele ya mashabiki wa mpinzani wake. Wanaomtetea Rashid Matumla, aliyeshiriki Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, hutaja mkanda wa dunia wa WBU alioutwaa baadaye. Hata hivyo, mkanda huo haukuwa na uzito sawa na ile ya WBA, WBC, IBF na WBO.

Kipimo cha tatu ni kudumu. Septemba 3, 2022, Mwakinyo alipigwa na Liam Smith katika raundi ya nne mjini Liverpool.

Katika mieleka ya kulipwa, mshindi hupangwa kabla, hivyo ubora ni kuwateka watazamaji. Katika ngumi, usiku mmoja wa Birmingham hautoshi. Mkubwa wa kweli ni yule anayeweza kuurudia.