Je, Wajua? Kisu cha Mfukoni na Chuma cha Ludewa

Je, wajua kwamba madini yanayosifiwa katika visu vya kukunja vya bei kali duniani yamo pamoja ndani ya mwamba mmoja wilayani Ludewa, mkoani Njombe? Liganga, iliyo wilaya moja na kata ya Lugarawa, haina chuma peke yake. Mwamba wake umebeba chuma, vanadiamu na titaniamu vilivyoshikana, na akiba yake inakadiriwa kufika tani milioni 126.

Vanadiamu huingia kwenye bapa la kisu. Ikikutana na kaboni iliyomo ndani ya chuma cha pua, hufanya chembe ndogo ngumu kuliko chuma chenyewe, na hizo ndizo zinazofanya makali yadumu. Kazi yake haikuanzia kwenye visu: Henry Ford alitumia chuma chenye vanadiamu katika gari lake la Model T lililotoka mwaka 1908, ili vipuri viwe vyepesi na visivunjike. Titaniamu huenda kwenye mpini. Haishiki kutu, na uzito wake ni kama asilimia 58 tu ya uzito wa chuma cha pua cha ujazo uleule, kwa hiyo mfuko wa suruali haulemewi.

Titaniamu hiyohiyo inayopendezesha mpini ndiyo inayosumbua tanurini. Mwamba wenye titaniamu nyingi ukiyeyushwa katika tanuri kubwa la kawaida, mavi ya chuma huwa mazito na hayatiririki vizuri. Shirika la Taifa la Maendeleo, NDC, lilitia saini mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China mwaka 2011 kuhusu Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma. Zaidi ya miaka kumi ilipita bila chuma kutoka. Kwa sasa, mkazi wa Lugarawa anayetaka kisu chenye vanadiamu ananunua kilichofuliwa mbali, na hilo linaniuma kila ninapoona kisu cha kigeni kimepangwa mezani sokoni Makambako.

Je, wajua kwamba zamani haikuwa hivyo? Wapangwa, wenyeji wa sehemu kubwa ya Ludewa, waliyeyusha chuma chao wenyewe na kufua majembe, mikuki na visu. Mswisi Hans Stirnimann aliandika kitabu kuhusu kazi zao za mikono kilichotoka mwaka 1976, na mwanaakiolojia Randi Barndon wa Norway akachapisha utafiti wake kuhusu uyeyushaji wa chuma kwa Wapangwa na Wafipa mwaka 2004. Kaskazini, Kagera, Wahaya walikuwa na ufundi wa kutoa chuma cha pua kwa kupasha hewa moto kabla haijafika ndani kabisa ya tanuri. Peter Schmidt na Donald Avery waliueleza ufundi huo katika jarida la Science mwaka 1978, na mabaki ya matanuri waliyochunguza yana umri unaokaribia miaka elfu mbili. Mzee wa kijijini anayegonga bapa kwa ukucha na kutega sikio kabla hajatoa hela ana historia ndefu nyuma yake.

Kisu cha kukunja nacho si kitu cha jana. Kilichochimbuliwa Hallstatt, Austria, kina mpini wa mfupa na umri wa zaidi ya miaka 2,500. Warumi pia walikuwa navyo.

Kwetu Afrika, jina kubwa ni Okapi. Kisu hicho kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, kikilengwa kuuzwa katika makoloni ya Wajerumani barani humu, wakati Ludewa yenyewe ilikuwa chini ya utawala wao. Jina lilikuwa jipya kabisa: okapi, mnyama wa msitu wa Ituri mashariki mwa Kongo, alikuwa ametambulishwa kwa wanasayansi wa Ulaya mwaka uliotangulia tu. Mwaka 1988 utengenezaji wake ulihamia Afrika Kusini. Mpini wa mbao wenye nyota na mwezi mwandamo, bapa jembamba refu, bei ya mkulima: sijui kisu kingine kilichofanya urembo na uimara vikae pamoja kwa gharama ndogo hivyo.

Je, wajua kazi gani katika nyanda hizi inakipima kisu bila huruma? Kugema ulanzi, pombe ya mwanzi. Mvua zinapoanza, machipukizi ya mianzi huinuka, na mgema hukata ncha ya chipukizi changa, kisha asubuhi na jioni hurudi kushusha kipande chembamba kabisa ili kidonda kisizibe na maji yaendelee kudondoka ndani ya mbeta, chombo cha kukingia. Kisu butu hakikati, kinaponda. Nyuzi za mwanzi hulala, tundu huziba, na mbeta hubaki na maji ya kulowanisha kitako tu. Halafu maji yenyewe ni matamu, huchacha ndani ya saa chache, na kisu kisichopanguswa huanza kubadilika rangi kabla mgema hajafika nyumbani. Ongeza ukungu na baridi ya Juni, utaelewa kwa nini mtu wa Lugarawa anapaswa kuuliza habari za kutu kabla ya habari za rangi ya mpini.

Kinachozuia kutu ni kromu. Chuma cha pua kikiwa na kromu angalau asilimia 10.5, hujivika ngozi nyembamba isiyoonekana inayojiziba yenyewe ikikwaruzwa. Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alikifikia chuma cha aina hiyo mwaka 1913 alipokuwa akitafuta namna ya kuzuia mitutu ya bunduki isilike. Chuma cha kaboni kisicho na kromu hunoleka upesi na hupata makali matamu, lakini kinadai kupanguswa na kupakwa mafuta kila siku. Anayegema au kumenya matunda kutwa nzima namshauri asikifuate.

Hapa kuna jambo linalopoteza wanunuzi wengi. Wauzaji na wateja huweka sumaku kwenye bapa, na likinasa husema ni feki, si chuma kisichoshika kutu. Sivyo! Vijiko na sufuria nyingi hufanyizwa kwa aina isiyovutwa na sumaku, lakini aina hiyo haiwezi kukomazwa kwa moto ikashika makali. Bapa zuri la kisu, hata lile lisiloshika kutu, hunasa sumaku. Jaribio hilo lifanye kwenye mpini unaoambiwa ni wa titaniamu: hapo sumaku ikinasa, umedanganywa.

Na loki je? Kisu maarufu cha Uswisi, kilichosajiliwa na Karl Elsener tarehe 12 Juni 1897, katika umbo lake la asili hakina loki. Springi ya mgongoni ndiyo inayolibana bapa. Kinatosha kwa chungwa na kamba, hakitoshi kwa mtu anayesukuma ncha ndani ya kitu kigumu, kwa sababu bapa linaweza kujikunja juu ya vidole. Opinel ya Ufaransa, iliyoanzishwa na Joseph Opinel mwaka 1890, ilipata pete ya kufungia mwaka 1955: unaizungusha kwa kidole gumba, bapa halirudi. Ni ufundi rahisi na mzuri mno, wenye udhaifu mmoja kwa hali ya hewa yetu. Mpini wake wa mbao hunyonya unyevu, huvimba na kuling'ang'ania bapa. Watu wa Savoie, kinakotoka kisu hicho, hugonga kitako cha mpini mezani na bapa hujitokeza kidogo, likashikwa.

Mbele ya muuzaji, usianze na makali. Makali yananoleka, bawaba iliyolegea haina dawa ya haraka. Fungua kisu, shika mpini kwa mkono mmoja na mgongo wa bapa kwa mwingine, utikise kulia na kushoto. Kikicheza kikiwa kipya, kirudishe. Kifunge, ukitazame kwa juu: bapa likae katikati ya mpini bila kusugua upande wowote. Fungua tena, vidole vikiwa mbali na njia ya bapa, ubonyeze mgongo wake taratibu kwenye ubao. Loki ikiachia, hicho si kisu cha kubeba. Tazama ribiti au skrubu ya bawaba. Skrubu ni bora, maana inakazwa. Mwisho ndipo kata ukurasa wa gazeti.

Kwa Lugarawa mimi ningechukua bapa la sentimita nane hivi, lisiloshika kutu, lenye ugumu kati ya 56 na 58 kwa kipimo cha Rockwell, bila kuhangaikia vanadiamu nyingi. Chembe zake ni ngumu kuliko jiwe la kawaida la kunolea. Makali yakishaisha, kinoo cha mtoni kitateleza juu yake, na utahitaji bamba la almasi.

Wanaobebesha miche ya parachichi wana kisu chao, nacho kwa kawaida hukunjwa. Makali yake yamechongwa upande mmoja tu, ule wa pili ni bapa tupu, ili jeraha la kikonyo liwe tambarare na likutane na shina bila mwanya. Kila mti wa parachichi aina ya Hass duniani, ukiwemo wa Njombe, umetokana kwa njia ya kubebesha na mti mmoja wa California ambao Rudolph Hass aliusajili mwaka 1935. Hesabu ni visu vingapi vimepita hapo katikati. Na kisu kinaweza kubeba ugonjwa: kirusi-kidogo kinachosababisha madoa ya jua kwenye parachichi husambaa kwa vikonyo vilivyoambukizwa na kwa zana zilizopita kwenye mti mgonjwa. Dawa ya klorini, kama jiki iliyochanganywa na maji, hukisafisha kisu, lakini hula chuma, hata kile kisichoshika kutu. Kisuuze mara moja kwa maji safi, ukifute hadi ndani ya bawaba.

Huna kinoo? Geuza kikombe cha udongo wa kaure. Duara la kitako ambalo halikupakwa ng'aro ni gumu kuliko bapa la kawaida, na hurudisha makali yaliyolegea kwa misuguo michache ya taratibu. Bawaba itie tone la mafuta ya cherehani. Mafuta ya alizeti hukauka na kuwa gundi, kisu kikagoma kufunguka.