Kimeng'enya cha bakteria chapandisha bei ya vipande vya nyama

Vipande vya nyama na samaki vinavyobaki baada ya kukata minofu huuzwa kwa bei ya chini. Kwa kutumia kimeng'enya kiitwacho transglutaminasi, wasindikaji huviunganisha vikawa pande moja lenye bei nzuri zaidi.

Kimeng'enya hiki hufunga protini moja na nyingine, na kifungo hicho hakiachii hata nyama ikipikwa. Unga wake hunyunyizwa kwenye vipande, kisha vipande hubanwa pamoja na kuwekwa kwenye baridi kwa saa kadhaa.

Awali kilitolewa kwenye maini ya wanyama kwa gharama kubwa. Mwaka 1989 watafiti wa kampuni za Ajinomoto na Amano za Japani walieleza aina inayotokana na bakteria, ambao hukuzwa kwa wingi kwenye matangi. Tangu hapo matumizi yake yameenea hadi kwenye tambi na mtindi, ambao hupata uzito zaidi.

Faida ya msindikaji imo katika tofauti ya bei ya vipande na ya pande zima, baada ya kutoa gharama za kimeng'enya, baridi na kazi. Hata hivyo, kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011 inataka lebo ieleze kuwa bidhaa imeundwa kwa vipande. Vijidudu vilivyokuwa juu ya kipande huweza kubaki katikati, hivyo nyama hiyo lazima iive hadi ndani.

Mnunuzi wa jumla asome lebo kabla ya kulipa bei ya mnofu.