Gitari bila kamba: nani analipwa?

Wandugu wafanyakazi, ba mama na vijana wa makambi, leo hatuandike juu ya mushahara wala juu ya hewa ya mu mugodi. Tunaandika juu ya gitari. Mwenye kuona hii si maneno ya sendika, angoje kidogo.

Siku hizi ukisikia wimbo mupya wa kwaya ao wa bar, pengine gitari ile hakuna mutu aliyeipiga. Kijana wa studio alikaa mbele ya ordinatere, akabonyeza, sauti ikatoka. Wengi wanafikiri walirekodi gitari ya kweli, noti moja moja, wakaiweka ndani. Mara nyingi iko vile. Lakini iko njia ingine ambayo haina hata noti moja iliyorekodiwa: ordinatere inatengeneza kamba yenyewe kwa hesabu.

Njia hiyo inatoka Stanford, kule California, Marekani. Kevin Karplus na Alexander Strong waliitangaza mwaka 1983. Mbele yao, mwaka 1971, Lejaren Hiller na Pierre Ruiz walikuwa wamefanya hesabu ya kamba inayotetemeka, lakini mashini za wakati ule zilichukua muda murefu kwa sauti fupi tu. Karplus na Strong walipata njia ya mukato.

Wenzetu wanaofanya kazi na kamba za chuma watasikia haraka. Kamba ikivutwa sana, ukiigonga kwa nyundo, mutikisiko unakimbia mpaka mwisho, kiisha unarudi kwenye mukono wako. Kamba ya gitari inafanya vile vile, lakini mamia ya mara kwa segonde moja, na kila safari inapoteza nguvu kidogo.

Sasa muone ordinatere. Fikirini watu wamepanga mustari siku ya malipo, kila mumoja ameshika namba. Namba zile zimeandikwa ovyo ovyo: njo kidole kinachogonga kamba. Mutu wa mbele anasoma namba yake, inaenda ku baffle kama sauti. Kiisha wanajumlisha namba yake na ya yule anayemufuata, wanagawanya kwa mbili, na jibu linaenda kukaa nyuma kabisa ya mustari. Basi. Hiyo inarudiliwa mara 44.100 kwa segonde. Watu wakiwa karibu 100, mustari unazunguka mara 440 hivi, ni ile La ambayo wanamuziki wanafungia vyombo. Wakiwa karibu 535, unasikia Mi ya chini, kamba nene ya gitari.

Siri yote iko mu kule kugawanya kwa mbili. Namba zilizoachana sana zinakaribiana haraka, njo maana ukali wa sauti unakufa wa kwanza, unabaki ulaini, kiisha kimya. Kamba ya kweli iko sawa vile. Kijana mumoja wa kambi yetu aliandika programu hiyo kwa mistari isiyofika makumi mawili, tukaisikia ku simu yake. Kwanza kelele kama muchanga unaomwagika, palepale ikageuka kamba. Tulishangaa, tusiseme uongo. (Na betri ya simu ile, munajua kobalti yake mara nyingi inatoka udongo gani.)

Ilikuwa na kilema: mustari hauwezi kuwa na watu mia moja na nusu, kwa hiyo noti za juu zilitoka kando kidogo. David Jaffe na Julius Smith, wa Stanford pia, walitengeneza hiyo mwaka ule ule wa 1983.

Stanford haikulala. Ilichukua hati ya haki mwaka 1987. Yamaha ilinunua haki za hesabu za jamaa hiyo, na mwaka 1994 ikauza kinanda VL1. Hati ile ya 1987 imekwisha muda. Leo mutoto yeyote anaweza kuandika kamba yake bila kulipa.

Lakini kule walilipwa. Huku je? Mwaka 1952 Hugh Tracey alimurekodi Mwenda Jean Bosco hapa Jadotville, ni kusema Likasi ya leo, akipiga kwa kidole gumba na kidole cha pili. Jina lake likabaki ku sahani. Hata noti zikirekodiwa ku ordinatere, mwenye vidole bado anaweza kusema: hii ni mukono yangu. Kwa kamba ya hesabu, hakuna mukono wa kudai.

Na hesabu inajua kamba tu, haijue kidole gumba. Njo maana studio moja ilimwita muzee, mustaafu wa mugodi, aonyeshe namna ya wazee wetu. Alikaa siku mbili, kijana akifuata vidole vyake na kuviandika. Wakamupa franga za taksi na bière. Kiisha nyimbo zikatoka, gitari ni ya "mashini", na yeye hakuitwa tena.

Hatukatae mashini. Tunasema siku mbili zile ni kazi. Tumeandika karatasi moja kwa wapigaji wote wa makambi: bei isemwe mbele ya kuanza, jina liwekwe, na wimbo ukiuzwa, mwenye kuonyesha apate fungu lake. Studio ile imekubali jina. Juu ya franga, tungali tunaongea. Wapigaji wengine waje ku biro yetu na karatasi zao, kama wanazo.