Kondoo wa Marco Polo: Mkazi wa nchi nne aliyezibiwa njia kwa seng'enge

Soko la Murghab, mashariki mwa Tajikistan, ni makontena ya meli na mabehewa makuukuu yaliyopangwa kwenye vumbi, ingawa bahari iko mbali mno. Mji huo uko zaidi ya mita 3,600 juu ya usawa wa bahari. Mahindi hayaoti, miti ni ya kuhesabu, na karibu kila kinachouzwa hapo kimekuja kwa lori. Tangu mwaka 2004, malori hayo yanaweza kuingia China kwa njia ya mlimani iitwayo Kulma, penye urefu wa mita 4,362. Mchuuzi aliyewahi kulala Tunduma au Malaba akisubiri karatasi zake zigongwe muhuri hahitaji kuelezwa sana maisha ya huko.

Lakini milima hiyo ya Pamir ina msafiri mwingine, ambaye hana karatasi wala mzigo. Ni kondoo pori. Makundi yake yanaishi Tajikistan, China, Afghanistan na Pakistan, na wengine Kyrgyzstan. Wataalamu wanamweka katika jamii ya argali, kondoo wakubwa kuliko wote duniani. Dume lililokomaa hupita kilo 100 bila shida. Hata hivyo, sifa yake kubwa si uzito, ni pembe. Zinatoka kichwani, zinazunguka kando ya mashavu, kisha ncha zake zinapinda kwenda nje. Pembe ndefu kuliko zote zilizopata kupimwa ilifikia sentimita 190 ukifuata mzunguko wake, yaani inampita kwa urefu mtu mzima wa kawaida.

Pembe hizo hazidondoki kila mwaka kama za kulungu wa nchi za baridi. Ndani kuna mfupa, nje kuna gamba gumu la kitu kile kile kinachofanya kucha. Kila majira ya baridi ukuaji husimama na kuacha pete, hivyo mtu mwenye ujuzi anaweza kuhesabu umri wa dume kwa kuangalia pembe tu. Majike nao wana pembe, ila fupi na nyembamba.

Kwa sehemu kubwa ya mwaka madume hukaa peke yao na majike na watoto upande wao. Hukutana Novemba na Desemba, wakati madume yanapogongana vichwa kugombea majike, mlio ukisikika bonde zima. Mimba huchukua zaidi kidogo ya miezi mitano, na wanakondoo huzaliwa Mei na Juni, majani yanapochipua. Mtoto anasimama siku hiyo hiyo. Lazima asimame, kwani mbwa mwitu na chui wa theluji hawamsubiri.

Jina la Marco Polo alilipata kwa haki. Mfanyabiashara huyo wa Venice alipita Pamir katika miaka ya 1270 akielekea China, akaandika kwamba kuna kondoo wakubwa ambao wachungaji hutengeneza mabakuli kwa pembe zao, na hata nyua za kulaza mifugo usiku. Huko Ulaya wengi hawakumsadiki. (Ni Marco Polo huyo huyo aliyeandika habari za Zanzibar bila kukanyaga huko, na mengi aliyosimulia kuhusu watu wake ni uzushi mtupu. Ila alisema kondoo wa pwani hizo ni weupe wenye vichwa vyeusi, na yeyote anayenunua kondoo wa Kisomali mnadani anajua kwamba hapo hakukosea.) Ilibidi kungoja hadi mwaka 1838, ofisa Mwingereza John Wood alipofika Ziwa Zorkul na kurudi na pembe. Mwaka 1841 mtaalamu Edward Blyth alimpa mnyama jina la kisayansi lenye neno Polo ndani yake.

Sasa tuje kwenye shida. Enzi za Umoja wa Kisovieti, Murghab ilikuwa ikiletewa kila kitu kutoka mbali: unga, mafuta, makaa ya mawe. Mwaka 1991 Umoja huo ulivunjika, na mwaka uliofuata Tajikistan ikaingia kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyodumu hadi 1997. Shehena zilikatika. Watu walikuwa na bunduki, hawakuwa na unga, na nyama ilikuwa inatembea mlimani. Kondoo waliuawa kwa wingi, nyama ikauzwa sokoni na njiani. Wakati huo huo makaa yalipokosekana, watu waling'oa kichaka kiitwacho tereskeni ili wapate kuni. Kichaka hicho ni chakula cha mifugo na cha wanyama pori, na katika ardhi kavu ya baridi kali kinachukua miaka mingi kurudi. Mimi sioni wa kumlaumu kati ya watu waliokuwa na njaa. Ila hesabu ya kondoo ilishuka.

Halafu kuna uzio. Wasovieti walijenga seng'enge ndefu kuelekea mpaka wa China, na si juu ya mpaka wenyewe bali ndani ya upande wao, sehemu nyingine kwa kilomita kadhaa. Walikuwa wanaogopa majasusi na majeshi. Lakini kondoo hawa wanafuata malisho: wakati wa kiangazi wanapanda juu, theluji ikishakuwa nyingi wanashuka kwenye mabonde ambako upepo umefagia ardhi. Bonde zuri likiwa ng'ambo ya waya, njia imefungwa. Mwaka 2011 Tajikistan iliidhinisha kuiachia China takriban kilomita za mraba 1,000 za Pamir ili kumaliza mgogoro wa zamani. Kondoo waliokuwa hapo walibadilishiwa nchi bila kusogea hatua moja.

Hali yao inatofautiana kulingana na upande wa mpaka. Tajikistan ndiyo yenye wengi, zaidi ya 20,000 kwa hesabu za miaka ya karibuni. Pakistan ilitenga Hifadhi ya Khunjerab mwaka 1975, mnyama huyu akiwa sababu kuu, lakini barabara kuu ya Karakoram ilipopita humo, ikileta wajenzi na askari wenye silaha, waliobaki wakawa wachache sana. China ina hifadhi ya Taxkorgan. Afghanistan ilitangaza Wakhan kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2014.

Hata kuhusu pesa majirani hao hawakubaliani. Tajikistan inauza vibali vya kuwinda madume kwa wageni, na safari moja humgharimu mwindaji makumi ya maelfu ya dola. Msomaji wa Tanzania na Kenya anaujua ubishi huu, maana Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa kitalii mwaka 1977 na Tanzania inaendelea nao. Ukweli unaokera pande zote mbili ni kwamba, huko Pamir, baadhi ya maeneo ya uwindaji yenye walinzi wanaolipwa yana kondoo wengi kuliko mabonde ya jirani yasiyo na mlinzi. Swali langu ni jingine: katika dola hizo, ni ngapi zinafika kwa mchungaji ambaye yaki wake wanagombea nyasi na kondoo pori? Pale zisipofika, bunduki haikai bure.

Mifugo nayo inaleta jambo ambalo wanunuzi wa mbuzi wa kwetu wanalijua vizuri: sotoka ya mbuzi na kondoo. Ugonjwa huo unasafiri na mnyama aliyeuzwa bila cheti, na huko magharibi mwa China umeshaua mbuzi pori wa milimani. Kondoo wa Marco Polo anakula bonde moja na mifugo ya wafugaji.

Mwanasayansi George Schaller, ambaye Afrika Mashariki inamkumbuka kwa kazi yake ya sokwe wa Virunga na simba wa Serengeti, amepigania kwa miaka mingi hifadhi moja ya amani itakayounganisha nchi hizo nne. Wajumbe wa nchi zote nne walikutana Urumqi, China, mwaka 2006 kuijadili. Hifadhi haijazaliwa. Rwanda, Uganda na Kongo, pamoja na ugomvi wao wote, zimeweza kuwahesabu sokwe wa milimani kwa pamoja, kwa hiyo jambo lenyewe si ndoto. Ila mpaka wa Pamir una askari wengi, na mazungumzo ya wanyama husubiri mazungumzo ya askari yaishe.

Kwa wenye biashara, kuna sheria moja ya kujua. Argali wamo kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES, na pembe, ngozi au fuvu lake haliruhusiwi kuvuka mpaka bila kibali. Kisingizio cha zawadi ya rafiki hakikubaliki forodhani.

Na ile seng'enge? Sehemu nyingi imechakaa. Nguzo zimeng'olewa, waya umekatwa. Hapo penye mwanya ndipo kondoo wanapopita.