Saratani ya Mapafu: Uvimbe Unaotembea na Pumzi



Wagonjwa wa saratani ya mapafu tunaowapa rufaa kwenda kutibiwa kwa mionzi huambiwa huko: "Lala, usitikisike." Wengine hudhani maana yake ni kubana pumzi. Hubana mpaka washindwe, kisha huhema kwa nguvu. Mwezi huu tueleze kwa nini jambo hilo halifai.

Kwa nini uvimbe hutembea?

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kila avutapo pumzi, kiwambo, yaani ule msuli mpana ulio kati ya kifua na tumbo, hushuka, aitoapo, hupanda. Pafu hufuata, na uvimbe uliomo hufuata pia. Uvimbe ulio juu, upande wa bega, kwa kawaida husogea kidogo. Ulio chini, karibu na kiwambo, waweza kusogea sentimita 1 hadi 2, pengine zaidi.

Kuna hatari gani?

Mionzi huua chembe za saratani, lakini huumiza pia chembe zenye afya. Ikielekezwa mahali padogo pamoja huku uvimbe ukipanda na kushuka, sehemu ya uvimbe hukosa dozi na saratani yaweza kuota tena. Eneo likipanuliwa mno, sehemu nzuri ya pafu, moyo na umio huumia.

Wataalamu hufanyaje?

Kabla ya tiba, mgonjwa hupigwa picha za CT akiwa anapumua kama kawaida, huku chombo kikifuatilia pumzi yake. Picha hupangwa kwa hatua za pumzi, mara nyingi 10. Hapo daktari huona njia yote ya uvimbe, naye huchora eneo la mionzi kuizunguka njia hiyo.

Uvimbe ukitembea sana, tumbo laweza kubanwa kidogo ili pumzi iwe fupi, au mgonjwa huzuia pumzi kwa sekunde chache anapoambiwa. Zipo pia mashine zinazotoa mionzi pale tu uvimbe ufikapo mahali pake, na nyingine huufuata uendako. Si kila hospitali ina vifaa hivyo. Pasipokuwa navyo, daktari huongeza ukingo kuzunguka uvimbe.

Mgonjwa afanye nini?

1. Pumua kwa utulivu, kama ulivyopumua siku ya kupigwa picha. Usibane pumzi usipoambiwa.

2. Usifute alama ulizochorwa kwenye ngozi. Ndizo zinazoonyesha namna ya kukulaza sawasawa kila siku.

3. Ukibanwa na kikohozi mashine inapofanya kazi, toa ishara mliyokubaliana. Wahudumu wanakuona, nao wataizima.

4. Usiruke siku. Tiba yaweza kuchukua wiki kadhaa, siku 5 kwa wiki.

5. Hata ukingo ukipimwa vizuri, sehemu nzuri ya pafu hupata mionzi kiasi. Ukipata kikohozi kikavu, homa au kuhema wiki au miezi baada ya tiba, rudi hospitali upesi. Huenda pafu limevimba kwa mionzi, na dawa ipo. Usijinunulie dawa dukani.

Ninyi mnaowasindikiza wagonjwa, wakumbusheni jambo moja kabla hawajaingia chumba cha mionzi: mwili utulie, pumzi iende kama kawaida.