Nani Anastahili Kiti cha Daima?



Jioni, kazi za shamba zikiisha, mwasikia katika redio: "Baraza la Usalama limekutana." Kesho yake mwasikia tena: "Baraza la Usalama limeshindwa kupatana." Je, mmepata kujiuliza baraza hilo ni la nani, na ni nani aliyewapa wakubwa wale viti vyao? Jambo hili laonekana kuwa la mbali, la watu wa New York. Lakini si la mbali. Wako vijana wa Tanzania waliokufa katika kazi iliyoamriwa na baraza hilo, nasi tutawakumbuka hapa chini.

KIJIJI CHENYE NYUMBA 51

Tutwae mfano. Palikuwa na kijiji chenye nyumba 51. Simba walikiingilia, wakala ng'ombe na watu. Nyumba tano zenye nguvu zikaongoza msako, na simba wakauawa. Wenyeji walipoweka baraza la kulinda kijiji, wale watano wakasema: "Sisi tutakaa barazani siku zote, ninyi wengine mtapokezana. Na mmoja wetu akisema hapana, shauri limekufa, hata kama wengine wote wamekubali." Watu walikuwa wamechoka na simba, wakakubali.

Miaka 80 imepita. Kijiji sasa kina nyumba 193. Lakini watano ni wale wale, na viti ni vile vile.

Hivyo ndivyo ulivyo Umoja wa Mataifa. Mkataba wake ulitiwa sahihi mjini San Francisco tarehe 26 Juni 1945, Vita Kuu ya Pili ilipokuwa ikielekea mwisho. Mataifa 51 ndiyo yaliyouanzisha. Marekani, Urusi (wakati ule Dola ya Kisovieti), Uingereza, Ufaransa na China zikapewa viti vya daima. Na Afrika je? Walikuwapo wanne tu: Misri, Ethiopia, Liberia, na Afrika ya Kusini iliyotawaliwa na Wazungu wachache. Sisi wengine tulikuwa chini ya wakoloni, na mkoloni ndiye aliyetusemea. Leo mataifa ya Afrika katika Umoja huo ni 54, na hakuna hata moja lenye kiti cha daima.

Baraza lilipanuliwa mara moja tu, mwaka 1965, likatoka watu 11 kufika 15. Lakini viti vilivyoongezwa ni vya miaka miwili tu. Tanzania ilikalia kiti kama hicho mwaka 1975 na 1976, tena 2005 na 2006. Kenya imekalia mara tatu, na mara ya mwisho ilimaliza mwaka 2022. Miaka miwili ikiisha mwenye kiti huondoka, na Mkataba haumruhusu kuchaguliwa tena papo hapo. Ndiyo kusema, akianza kuzoea njia za nyumba ile, tayari yuko mlangoni anaaga.

NENO MOJA: HAPANA

Nguvu kubwa ya wale watano ni ile kura ya turufu. Mwenye kucheza karata ajua maana yake: karata moja yapiga zote.

Mwaka 1981 Mtanzania, Dokta Salim Ahmed Salim, aligombea kazi ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Nchi nyingi zilimtaka. Marekani haikumtaka, ikamkataa kura baada ya kura. China nayo ikamkataa mpinzani wake, Kurt Waldheim wa Austria, vivyo hivyo. Mwisho wote wawili wakakaa kando, na kazi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru.

Kumkosesha mtu kazi ni jambo dogo. Mara nyingine ni damu za watu. Tarehe 25 Februari 2022, Urusi ilipokwisha kuingiza majeshi yake Ukraine, wajumbe 11 walipiga kura ya kuilaani. Urusi ikasema hapana, shauri likafa. Tarehe 8 Desemba 2023 wajumbe 13 walitaka vita visimamishwe Gaza. Marekani ikasema hapana, shauri likafa. Mnaona, wasomaji? Mkosaji, au rafiki yake, ndiye hakimu.

WANAOBISHA HODI

Wako wengi wanaotaka kuingia. Japani na Ujerumani zasema: "Sisi ni miongoni mwa wanaotoa fedha nyingi sana katika mfuko wa Umoja huu." India yasema: "Watu wetu wamepita bilioni 1.4, kuliko nchi yo yote duniani, na askari wetu wengi wamelinda amani katika nchi za watu." Brazil yasema kwamba Amerika ya Kusini yote haina hata kiti kimoja cha daima. Nchi hizi nne zimepatana kusaidiana.

Lakini kila mgombea ana jirani. Pakistani haitaki India ipewe, Italia haitaki Ujerumani ipewe, Argentina haitaki Brazil ipewe. Wao wasema afadhali viti vya kuchaguliwa viongezwe, wala asipatikane mkubwa mwingine wa daima.

Nasi Waafrika? Mwaka 2005 viongozi wetu walipatana juu ya madai yaliyopewa jina la Ezulwini, mahali katika nchi ya Eswatini. Wataka viti viwili vya daima, na viti vitano vya kupokezana. Juu ya kura ya turufu walisema neno la haki: ingefaa ifutwe kabisa, lakini ikibaki kwa wengine, basi nasi tupewe. Mwezi wa Septemba 2024 Marekani ilisema yakubali Afrika ipate viti viwili vya daima, ila bila ya turufu. Ni kama kumkaribisha mtu mezani, kisha kumwambia asishike kijiko.

DAMU YETU

Sasa turudi kwa vijana wetu. Mwaka 2013 Baraza la Usalama liliamuru kikosi cha kupigana na waasi huko Kongo ya mashariki. Waliopeleka askari ni Tanzania, Afrika ya Kusini na Malawi. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki, katika Kivu ya Kaskazini, ilishambuliwa, na askari wa Tanzania zaidi ya kumi wakauawa. Maiti zao zililetwa nyumbani, zikazikwa na mama zao wakilia.

Mambo mengi ya baraza lile yahusu Afrika. Mwenye kuzika asipokuwa na sauti ya daima mahali panapoamuliwa vita na amani, je, hiyo ni haki? Mimi nasema si haki.

KITI PEKE YAKE HAKITOSHI

Lakini tusijidanganye. Mwaka 1994 nchi tatu za Afrika zilikuwa ndani ya Baraza: Nigeria, Djibouti, na Rwanda yenyewe. Naam, Rwanda! Watutsi walipokuwa wakichinjwa, mjumbe wa serikali iliyosimamia mauaji alikuwa ameketi mezani pamoja na wengine, akisikia yote. Tarehe 21 Aprili Baraza lilikata shauri kupunguza askari wa amani wapate 270 tu. Hakuna hata mjumbe mmoja aliyepiga kura ya kukataa. Siku chache baadaye, ninyi wa Ngara mliona wakimbizi wapata robo milioni wakivuka Rusumo kwa muda wa saa 24.

Basi kiti hakimfanyi mtu kuwa mwema. Ndiyo maana swali letu lisiwe tu, "Afrika ipewe?" bali pia, "Apewe nani, naye amsemee nani?" Nigeria, Afrika ya Kusini na Misri hutajwa sana. Lakini viongozi wa Afrika bado hawajapatana ni nani, na wakigombana wao kwa wao, wale watano watakaa raha mustarehe.

Kwa maoni yangu, vipimo ni vitatu. Kwanza, je, nchi hiyo imetoa nini kwa ajili ya amani: askari, mali, upatanishi? Pili, je, yasemea watu wengi wasio na msemaji? Tatu, je, jirani zake wanaiamini? Hiki cha tatu ndicho kikubwa. Mtu hawekwi kuwa mzee wa baraza kwa wingi wa ng'ombe zake, kama majirani hulala wakimwogopa.

Kubadili Mkataba si kazi nyepesi. Yatakiwa theluthi mbili za mataifa yote, yaani 129, na wale watano wote waidhinishe. Ni kama kumwomba mwenye kigoda asogee mwenyewe. Hata hivyo, mwaka 1965 walisogea kidogo, kwa sababu mataifa mapya ya Afrika na Asia yalisema kwa sauti moja.

Basi, baba na mama, jambo hili lizungumzeni nyumbani, na vijana wasikie. Mbunge wenu ajapo kijijini, mkiisha kumwuliza habari za barabara na zahanati, mwulizeni na hili: "Afrika ikipewa kiti, nchi yetu itamtaka nani akikalie, naye atajibu kwa nani?" Akicheka, mwambieni habari za Semuliki.