Istilahi za Injini Ndogo za Petroli: Mashine za Kukatia Nyasi

Katika safari ya kukusanya istilahi wilayani Bariadi, mwandishi wa makala haya alionyeshwa mashine ya kukatia nyasi iliyokufa kwa sababu ya neno moja. Shule iliyoinunua ilipewa karatasi ya maelekezo kwa Kiswahili, na karatasi hiyo ilisema, "Jaza mafuta kabla ya kuwasha." Mtunza bustani akajaza petroli, akawasha, akafyeka. Haikupita saa moja injini ikazima, na kamba ya kuwashia ikagoma kuvutika. Fundi alipoifungua alisema kwa mkato, "Imenoki." Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania ndani ya silinda kwa kukosa kilainisho.

Mtunza bustani hakukosea lugha. Kwa Kiswahili mafuta ni ya kupikia, ya kujipaka, ya taa, ya gari na ya kulainishia vyuma, na msikilizaji hutambua lipi limekusudiwa kwa mazingira ya mazungumzo. Karatasi ya maelekezo haina mazingira hayo. Hapo ndipo istilahi inapohitajika, na wala haihitaji kubuniwa, kwani mafundi wa Bariadi, kama wenzao kwingineko nchini, wameshatenganisha: kinachoungua ni petroli, kinacholainisha ni oili. Mwandishi anapendekeza kwamba katika maelekezo yote ya mitambo neno mafuta lisisimame peke yake.

Mashine ile ilikuwa ya aina ambayo mafundi huiita tustroki, yaani isiyo na hifadhi ya oili. Oili yake huchanganywa na petroli ndani ya tangi, kwa kipimo alichoweka mtengenezaji. Kipimo cha 50 kwa 1 maana yake ni mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Kile cha 25 kwa 1 ni mililita 40. Aina ya pili, fostroki, ina oili yake chini ya injini, hupimwa kwa kijiti, na tangi lake hutiwa petroli tupu. Anayenunua mashine hana budi kujua tofauti hii kabla ya kutoa fedha. Tustroki ni nyepesi, yafaa kubebwa begani na kuinamishwa huku na huku; fostroki hutumia petroli kidogo zaidi, moshi wake ni mchache, na haimtaki mtumiaji awe mpimaji wa michanganyiko kila asubuhi. Kwa shule au zahanati ambako mashine hushikwa na watu wengi, mwandishi angechagua fostroki bila kusita.

Sasa, tuziiteje kwa Kiswahili? Wako waliojaribu kufasiri neno la Kiingereza moja kwa moja, wakatoka na "injini ya viharusi viwili". Msomaji atadhani injini imepooza upande! Wengine husema "mapigo". Neno hili ni zuri masikioni, lakini lapotosha. Katika fostroki pistoni husafiri mara nne: hushuka ikivuta hewa na petroli, hupanda ikibana, husukumwa chini na mlipuko, kisha hupanda tena ikitoa moshi. Kati ya safari hizo nne, pigo ni moja tu, nalo ni lile la tatu. Neno linalofaa ni mwendo: injini ya miendo miwili, injini ya miendo minne. Neno pigo libakizwe kwa mwendo ule wenye nguvu.

Jina la mashine yenyewe nalo lina utata. "Mashine ya kukata majani" ni ile inayosukumwa kwa magurudumu, ni ile inayoning'inizwa begani, na kwa wafugaji, ambao Usukumani ni wengi, ni ile ya kukatakata malisho ya ng'ombe. Tangazo la zabuni lililoandikwa hivyo laweza kuleta yoyote kati ya hizo tatu. Kila aliyesoma shule za nchi hii anafahamu fyekeo. Basi ile ya begani na iitwe fyekeo la injini. Ile ya magurudumu iwe kikata-ukoka, maana kazi yake ni bustani tambarare na si vichaka. Ya malisho ibaki mashine ya malisho.

Katika kikata-ukoka shafti ya injini mara nyingi husimama wima, kisu kikifungwa chini yake. Injini ya pampu ya maji huwa na shafti ya mlalo. Kwa hiyo injini ya pampu haihamishiki kirahisi kwenda kwenye kikata-ukoka, hata kama nguvu zake zalingana.

Kuhusu nguvu, nguvu-farasi moja ni takriban wati 746, lakini namba iliyobandikwa kwenye injini haielezi hali ya Simiyu. Nguvu hupungua kwa takriban asilimia 3 kwa kila mita 300 za mwinuko. Ziwa Victoria, linalogusa mkoa huu huko Busega, liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Bariadi iko juu zaidi. Hivyo zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu imekwisha potea kabla jani la kwanza halijakatwa. Kiangazi huongeza vumbi. Chujio la hewa lisiposafishwa, injini hukosa pumzi, na vumbi likipenya hukwangua silinda.

Limebaki neno la kabureta, ambalo mafundi hulitamka kwa namna kadhaa: kabureta, kabreta, kabuleta. Mwandishi anaelekea kwenye la kwanza, ila angependa kusikia kwa mafundi wa Maswa, Meatu na Itilima kabla halijapelekwa kwenye kamati.